Mtoto Mdogo na Kazi za Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Dodoma

Maswali haya nimeyasikia kwenye benchi la kliniki, kwenye kikoba chetu hapa mtaani Nkuhungu, na mlangoni kwangu jioni mama mwenzangu akipita kuchukua mtoto wake. Nimelea watatu wa kwangu, na kwa miaka minne nimeangalia wa majirani mchana. Mtoto ninayemzungumzia ni yule aliyeanza kutembea vizuri hadi anapokaribia miaka minne. Baadhi ya majibu niliyapata baada ya kukosea. Kama una haraka, anza na swali la 10 na la 11. Hayo ni ya uhai.

## Mambo ya mwanzo

1. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kusaidia nini kweli?

Anaweza kuleta, kupeleka, kuokota, kutia ndani na kutoa nje. Ukizihesabu kazi za nyumbani, nyingi ni hizo hizo. Mwambie "mpelekee baba kandambili" uone anavyotoka mbio. Ataokota vitunguu vilivyobiringika, atatia viazi kwenye beseni kimoja kimoja, ataleta nepi yake mwenyewe, atapeleka maganda kwa mbuzi.

Usitegemee amalize. Atapeleka viazi vinne, cha tano atakaa nacho chini akiongea nacho. Hapo zamu yake imekwisha, na inatosha.

2. Aanze akiwa na umri gani?

Siku anapoanza kukufuata nyuma nyuma kila unakokwenda. Watoto hawasubiri kufundishwa hamu hii. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya Ujerumani na watoto wa miezi 18. Mtu mzima ambaye si ndugu wa mtoto alikuwa akianika nguo, kibanio kikamponyoka, akawa anakinyooshea mkono bila kukifikia. Watoto walikwenda kukiokota na kumpa, bila kuombwa na bila kuahidiwa chochote. Alipokitupa chini kwa makusudi, wengi walikiacha pale pale. Maana yake mtoto wa umri huo anatofautisha mtu anayehitaji msaada na asiyehitaji.

Kibanio cha nguo! Tukio hilo tunalo uani kila Jumamosi, ila sisi huwa tunamwambia mtoto "toka hapo, utachafua nguo".

3. Lakini ananichelewesha na kuharibu. Faida iko wapi?

Ni kweli anachelewesha. Kazi ya dakika kumi itachukua ishirini na tano, na pengine urudie. Sitakudanganya kwamba mtoto wa miaka miwili anakupunguzia kazi, maana anakuongezea.

Faida iko mbele. Anapotaka kusaidia hajui, na anapojua, kama ulimfukuza, hataki tena. Nilimfukuza mwanangu wa kwanza kwa miaka mitatu mizima. Nyumba ilikuwa safi, na yeye alikuwa mbele ya runinga. Alipofika miaka saba nikaanza kumwita aoshe vikombe, akaniangalia kama ninamsingizia jambo. Kwake kazi ilikuwa ya mama, nami ndiye niliyemfundisha hivyo kwa kumwambia kila siku "nenda kacheze". Wawili waliofuata niliwaacha wacheleweshe, na leo sina haja ya kuwaita mara mbili.

Kuna faida ya papo hapo pia, nayo ni maneno. Ukipepeta naye utasema ungo, makapi, punje, jiwe, upepo. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8, iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021, inasisitiza malezi yenye mwitikio: mtoto akionyesha jambo, mzazi amjibu. Kazi za nyumbani zinakupa nafasi hiyo mara hamsini kwa siku bila kutenga muda wa pekee.

4. Je, huku si kumtumikisha mtoto?

Swali hili ni zuri, na nafurahi linapoulizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumia mtoto katika kazi za kinyonyaji, na inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kwa kazi nyepesi. Sheria hiyo hiyo inataja wajibu wa mtoto wa kuwaheshimu wazazi na wakubwa na kuwasaidia wanapohitaji.

Mimi hupima hivi. Mtoto akiacha katikati, kuna atakayelala njaa au atakayechapwa? Kama yupo, hiyo ni kazi ya mtu mzima aliyobebeshwa mtoto. Kumtuma mtoto wa miaka mitatu bombani na kidumu, kumfungia mdogo wake mgongoni, kumwachia ndama au mbuzi awachunge peke yake: hapana. Kuokota vijiti vya kuwashia jiko akiwa pembeni yako, kisha akavitupa na kukimbiza kuku: huko ni kusaidia.

## Kazi zenyewe

5. Nianze na ipi?

Na ile unayoifanya sasa hivi, kipande chake kidogo kabisa. Ukitandika kitanda, ashike pembe ya shuka. Ukirudi kutoka soko la Majengo, atoe nyanya kwenye mfuko aziweke kwenye kapu. Ukianua nguo, abebe soksi. Usitunge kazi ya kumpumbaza. Mtoto anajua haraka sana kama kitu alichopewa kina maana, na kama hakina anakitupa.

6. Jikoni anaweza nini, ukiacha moto?

Hapa ndipo penye utajiri, hasa kwetu, kwa sababu mapishi mengi ya huku yanaanzia kwenye mkeka na siyo jikoni.

Binti yangu wa kati alipokuwa na miaka miwili na miezi kadhaa, nilimwekea choroko kiganja kimoja kwenye ungo mdogo, mimi nikiwa na ungo wangu. Nikamwonyesha jiwe: "Hili jiwe, litupe." Alichukua muda mrefu akigusa kila punje kwa kidole cha shahada. Akapata jiwe. Akalinyanyua juu kwenye mwanga, akasema "dawe!", akalitupa nyuma ya bega. Halafu akatupa na punje tatu za choroko kwa furaha ile ile. Sikumsahihisha. Wiki mbili baadaye alikuwa anatupa mawe peke yake, na jicho lake lilikuwa kali kuliko langu.

Kunyonyoa majani ya mboga kwenye vikonyo anaweza vizuri. Mlenda, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, yote yanafaa vidole vidogo. Kupukuchua gunzi ambalo umeshalianzia mistari miwili, anaweza. Kumimina kikombe cha unga ulioupima, anaweza. Kukoroga uji wa ulezi ukiwa bado baridi kwenye bakuli, kabla hujaupeleka motoni, anaweza na anapenda mno.

Tahadhari moja kwenye mkeka: karanga. Kuzibangua anafurahia, lakini karanga nzima ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, inaweza kumkaba. Choroko, maharage na punje za mahindi pia huingizwa puani na masikioni. Kwa hiyo kiganja kimoja tu kwa wakati, na jicho lako lisitoke hapo. Mkono wako ukiitwa kwingine, nyanyua ungo.

Kinu na mchi mwache mbali. Mtoto hana hesabu ya mchi unashuka lini.

7. Nimnunulie fagio na vyombo vya kuchezea?

Sioni haja. Chukua fagio la chelewa lililochakaa, lifunge upya, lipunguze urefu limfikie kifuani. Anataka kile ulichoshika wewe. Kizoleo kidogo, kitambaa cha kufutia chenye ukubwa wa viganja viwili na kikombe cha plastiki chenye mkono vinamtosha kwa miaka miwili mizima. Uviweke mahali anapofikia mwenyewe, siyo juu ya kabati ambako lazima aombe.

8. Na kufua?

Kutenga nguo, kukupa vibanio, kufua leso yake kwenye beseni dogo. Soma swali la 10 kabla ya hiyo ya mwisho.

## Maji, moto na vingine vya hatari

9. Kwetu maji ni ya mgao. Nitamwachaje mtoto ayamwage?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na haki yake. Mji wetu kwa wastani haufikishi milimita 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Mji unategemea sana visima vya Mzakwe, na mitaa mingi bomba linatoka siku zake. Ndoo ya lita 20 uliyoinunua kwa muuza maji siyo kitu cha kuchezea, na ninayesema haya nimewahi kumlilia mtoto aliyeimwaga.

Kwanza, kazi nyingi za kumfaa ni kavu: mkeka, ungo, fagio, nguo. Huhitaji maji kumfundisha kazi.

Pili, maji ya mtoto yawe yale yaliyokwisha fanya kazi yao ya kwanza. Maji uliyosuuzia mboga, au ya mwisho ya kufulia yasiyo na sabuni nyingi, yanamfaa kumwagilia mche. Hapa kwetu tuna mpapai mmoja kwenye kona ya uzio. Mwanangu wa mwisho, alipokuwa na miaka miwili na nusu, alipewa kikombe cha plastiki chenye kipimo cha uji. Anachota kwenye beseni, anashika kikombe kwa mikono miwili, anatembea akiwa ameyakazia macho maji na siyo njia, na akifika amebakiza nusu. Anamimina kwenye shina polepole kama anamnywesha mtu. Kisha anarudi. Safari nane, tisa. Siku ya mvua ya kwanza alisimama dirishani akalia kwa sababu mpapai "umepewa na mwingine".

Tatu, hapa ndipo mtoto wa Dodoma anapojifunza thamani ya maji kwa mikono yake. Kumwaga kidogo akijifunza kumimina siyo ubadhirifu. Weka kikombe ndani ya sinia pana, kinachomwagika kinabaki kwenye sinia.

10. Beseni na ndoo zina hatari gani? Maji yenyewe ni machache.

Uchache wa maji haumlindi. Mtoto mdogo ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo akatumbukia hawezi kujitoa, na maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kuziba pua na mdomo. Wala hapigi kelele. Sisi tunaohifadhi maji kwenye ndoo, madumu yaliyokatwa, mapipa na visima vya chini ya ardhi tuna hatari hii kila kona ya nyumba.

Kwa hiyo: ndoo na mapipa yafunikwe kwa mfuniko unaobana, mlango wa kisima cha uani uwe na kufuli, na mtoto akiwa na beseni wewe uwe umefikika kwa mkono, siyo kwa sauti. Akimaliza, beseni limwagwe pale pale. Simu ikilia, nenda naye. Nakuomba hili usilifanye nusu nusu.

11. Asogee karibu na jiko kiasi gani?

Asisogee. Jiko la mkaa na mafiga viko chini, usawa wa uso wake, na sufuria haina wa kuishikilia. Mimi huchora duara kwenye udongo kulizunguka jiko, hatua zangu mbili kubwa, na kazi yake iko nje ya duara: kunipa chumvi, kuhesabu viazi, kupepea ukuta kwa pepeo. Ndani ya nyumba yenye sakafu tumia mkeka: mkeka ndipo pake. Jiko la gesi nalo lina bomba linalovutika, na mikono ya sufuria igeuziwe ukutani.

Uji na chai vilivyokwisha iva vinaunguza watoto wengi pia, kwa sababu tunaviweka chini vipoe. Viwekwe juu.

Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Hata kama ni dumu la mwisho, litumie. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala yai, usiweke barafu. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya.

12. Kisu je?

Kisu cha jikoni hapana. Mpe kijiko au kisu cha plastiki akate ndizi mbivu, parachichi au kiazi kilichochemshwa kikapoa. Zabibu, zikiwa msimu, anyofoe kutoka kwenye kichala, lakini kabla hajala wewe uzikate kwa urefu vipande vinne, maana zabibu nzima nayo hukaba.

13. Sabuni, dawa ya madoa, mafuta ya taa?

Sabuni ya kipande anaweza kushika. Dawa za maji za kuondoa madoa na za chooni zisiwe kwenye kazi yoyote ya mtoto, hata zikiwa zimechanganywa na maji.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji, popote, hata kwa siku moja. Uliyemfundisha kuleta chupa atakuletea na hiyo, na njiani ataonja. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Kimbilia hospitali na chupa uibebe.

14. Nimwache afagie uwanja?

Ndiyo, asubuhi baada ya kunyunyiza maji kidogo, kabla upepo haujaamka. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi letu ni kali, na mtoto anayekohoa au mwenye pumu afagie ndani tu, au aokote majani badala ya kufagia.

Jambo la pili ni nge. Wanajificha chini ya matofali, kwenye rundo la kuni, ndani ya viatu vilivyolala nje. Mtoto asitumwe kuokota kuni au kuinua tofali kabla hujaligeuza wewe kwa fimbo, na avae viatu vya kufunika vidole, ukiwa umeshavikung'uta.

## Namna ya kusema naye

15. Nimpe pipi akisaidia?

Hapana. Watafiti wale wa swali la 2 walirudi mwaka 2008 na watoto wa miezi 20. Waliopewa zawadi ya kitu kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi ilipokoma, kuliko waliosifiwa kwa maneno au ambao hawakupewa chochote. Mtoto alikuwa na hamu yake bure, tukaigeuza biashara. Mpe pipi siku ukitaka kumpa pipi, isihusiane na fagio.

16. Basi nimwambie nini?

"Asante" na kile alichokifanya. "Asante, umenipa vibanio, sasa nguo hazianguki." Mpigie makofi siku ya kwanza ukipenda, lakini ukipiga kila siku atageuka kukuangalia uso baada ya kila kijiko.

Na mwite kwa staha. "Naomba unisaidie, baba," "njoo mama tuchambue mboga." Kwetu tunawaita watoto baba na mama kwa sababu wanabeba majina ya wazee. Usimwite baba halafu ukamtuma kwa ukali.

17. Akifagia vibaya, nirudie?

Ukirudia, rudia akiwa hayupo. Akikuona unafuta mstari wake, anaelewa kwamba wake haukuwa kazi. Kama ni lazima pawe safi sasa hivi, mgawie: "Wewe hapa mlangoni, mimi kule." Pale mlangoni pake pabaki alivyopaacha hadi jioni.

Kwa chakula ni tofauti: jiwe lililobaki kwenye maharage litavunja jino la mtu. Pitia ungo tena na umwambie, "tunaangalia mara mbili." Hiyo ni kanuni ya kila mpishi, mtoto haionei uchungu.

18. Alikuwa anapenda, sasa anakataa.

Anakua. Karibu na miaka miwili neno "sitaki" linampendeza lenyewe. Usibembeleze na usichape. Endelea na kazi yako ukiimba au ukiongea, acha nafasi kwenye mkeka. Wengi hurudi baada ya dakika chache. Asiporudi, kesho ipo. Ila angalia kama hujabadilisha mambo: pengine umeanza kumsahihisha sana, au kazi imekuwa ile ile wiki ya sita.

19. Analilia kazi asiyoiweza, kama kubeba chupa ya chai.

Mpe kipande cha kazi hiyo hiyo. Wewe chupa, yeye mfuniko wa kawa. Wewe sahani za udongo, yeye vijiko. "Hapana" isiyo na "lakini hiki chukua" ndiyo inayomliza.

## Watu wa nyumbani

20. Baba yake anasema mtoto wa kiume asikae jikoni.

Nimelisikia sana, kwa upole na kwa ukali. Sibishani na baba mbele ya mtoto. Huwa naanzia kule ambako baba mwenyewe yuko: kuosha pikipiki, kulisha kuku, kufunga mizabibu kwenye waya. Kule Veyula nilimwona baba mmoja na kijana wake wa miaka mitatu shambani, mtoto akiwa amebeba nyuzi za kufungia begani kama skafu, akitoa mmoja mmoja baba alipomnyooshea mkono. Hakuna aliyeona ajabu. Kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye vijiko ni hatua fupi.

Na kuna siku kijana huyo atapanga geto karibu na chuo. Aliyechambua mboga na mama yake hatakula chipsi kila usiku.

21. Dada wa kazi hana subira naye.

Angalia kwanza umempa kazi kiasi gani. Huwezi kumtaka amalize kufua, kudeki na kupika kabla ya saa 8 mchana na pia akae na mtoto akichambua choroko jiwe kwa jiwe. Mpunguzie kitu kimoja, umwambie waziwazi: "Dada, mtoto akikuchelewesha kwa kukusaidia, sitakuuliza." Na sahani akiivunja mtoto, isikatwe kwenye mshahara wake. Hofu ya kukatwa ndiyo inayomfanya amfungie mtoto na runinga.

22. Bibi yake anasema nimwache mtoto acheze.

Bibi ana haki kwa sehemu yake. Mtoto acheze sana, na kazi isimeze mchezo. Lakini muulize alivyojifunza yeye kupepeta. Mama mkwe wangu nilipomuuliza alinyamaza, kisha akacheka, akaeleza alivyokuwa na ungo wake mdogo kabla hajaota meno yote. Siku ile ile alimfungia mjukuu wake fagio. Hakuna aliyefaa zaidi kwa kazi hii kuliko bibi: hana haraka.

23. Tumepanga chumba kimoja, uwanja ni wa wapangaji wote.

Kitanda, nguo, viatu na vyombo vya kula vinatosha. Kupanga viatu mlangoni kila jioni ni kazi kamili ya mtoto wa miaka miwili, na majirani wataisifia. Kwenye uwanja wa pamoja angalia mambo mawili: jiko la jirani na ndoo ya jirani. Duara lako halimlindi na jiko lisilo lako.

24. Tunafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, tunarudi giza limeingia.

Chagueni kazi moja ya jioni na mbili za Jumamosi. Jioni atoe chupa ya maji na kontena la chakula kwenye mkoba wako, apeleke kwenye karo. Dakika mbili. Kila siku hiyo hiyo, hata ukiwa umechoka, mpaka akikuona mlangoni anaukimbilia mkoba. Jumamosi ndipo mkeka na nguo.

## Mengineyo

25. Nina wawili wanagombania fagio.

Vifaa viwili, sehemu mbili, zisizogusana. Mkubwa asipewe kumsimamia mdogo. Atamrudia kila kazi, na swali la 17 linakuhusu.

26. Mtoto wangu amechelewa, au ana ulemavu. Anaweza?

Anaweza, na anastahili kama wenzake. Asiyetembea atenge nguo akiwa amekaa. Asiyeona vizuri achambue kwa kugusa: viazi huku, vitunguu kule. Asiyeongea apewe kitu mkononi na aonyeshwe pa kukipeleka, maneno mfululizo yanamchanganya. Pumzisha kabla hajachoka.

Kama amefika miezi 18 hajatembea, au haitikii akiitwa, mpeleke kituo cha afya aangaliwe mapema. Usisubiri kwa sababu jirani alisema wa kwake naye alichelewa.

27. Amevunja sahani ya mgeni.

Mwondoe penye vigae, okota wewe. Kisha aje na kizoleo akushikie ukifagia mabaki madogo, akiwa na viatu. Mwombe mgeni radhi mkiwa wote wawili. Usimzuie kubeba vyombo kesho yake. Mpe vya plastiki.

28. Wangu ana miaka saba, nilishamfukuza kama wewe. Nimechelewa?

Mwanangu wa kwanza ndiye huyo. Kumpa orodha hakukusaidia, kumfokea ndiyo kabisa. Kilichofanya kazi ni kumpa jambo zima, liwe lake: alichagua kuku. Maji yao, pumba zao, kufungua banda alfajiri na kulifunga magharibi. Wiki ya kwanza alisahau mara mbili, nikamkumbusha mara mbili bila maneno mengi. Wiki ya tatu kuku mmoja alianza kutaga nyuma ya tangi la maji, na yeye peke yake ndiye aliyejua wapi. Alilileta yai ndani kwa mikono miwili, likiwa bado na joto, akaniuliza tunalipika au tunaliacha.